Picha ya Bafu la Kamen Izvor: Tanzia Juu ya Tanzia

Mkono uliomkamata Bibi Nedyalka pale kwenye nguzo ya umeme haukuwa wa polisi.

Mlionisoma wiki iliyopita mlimwacha mbele ya jengo la manispaa, saa moja asubuhi, ndoo ya gundi miguuni na burashi hewani. Nimeambiwa wapo waliokosa usingizi kwa ajili yake. Basi pumueni. Aliyemshika mkono alikuwa Spas, mfagiaji wa barabara.

"Bibi, hii gundi umeitoa wapi?"

"Dukani."

"Haya ni maji ya kuoshea vyombo. Jua likipanda kidogo tu, mzee wako yuko chini anakanyagwa na mbwa."

Akaenda kwenye mkokoteni wake akarudi na kopo la gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa ngano, nzito kama uji uliolala. Akamweleza, bila kumtazama usoni, kwamba alikuwa na amri ya meya. Kila karatasi iliyobandikwa mbele ya manispaa ibanduliwe kabla ya saa mbili, ya mkutano, ya paka aliyepotea, yoyote ile.

"Na hii?" Bibi akauliza.

Spas akavua kofia. "Hii ni tanzia ya marehemu. Mkono uliombandua marehemu, bibi, haufai hata kukata mkate."

Akajifanyia ishara ya msalaba, akamshikia karatasi pembe ya juu ili isikunjike. Ndivyo kazi ilivyoanza.

Kwa aliyeingia leo, habari yenyewe ni hii. Kamen Izvor ni mji mdogo wenye maji ya moto yanayotoka ardhini, na juu ya maji hayo watu walijenga bafu kwa mikono yao. Halina mlinzi wala tiketi. Mwenye baridi yabisi huingia, mwenye mgongo huingia, wajane huingia kwa sababu nyumbani kuna baridi. Mwezi Machi ikatokea hati. Bafu, eti, ni mali ya ukoo wa mke wa meya tangu zamani, na mwenye hati ni mama mkwe wa meya. Ushahidi ni midomo ya wazee watatu walioapa mbele ya mthibitishaji wa hati. Kwetu mitatu inatosha. Anayepinga naye alete mitatu yake. Siku ni Alhamisi, mahakamani. Akiikosa, uzio unawekwa, na nyuma ya uzio hoteli.

Bibi Nedyalka alikuwa na mdomo mmoja, wa kwake. Alihitaji miwili mingine. Na hiyo ilikuwa Jumatatu.

Alikuwa pia na picha. Mumewe Metodi aliupiga picha mji huu kwa miaka arobaini, harusi kwa mazishi, na kabla hajafa alikwenda kwa mthibitishaji akaandikisha kwamba picha zake zote ni za watu wote. Asiombwe mtu ruhusa, asilipwe mtu, kila mwenye haja atumie. Moja ya picha hizo ilipigwa siku bafu lilipofunguliwa tena baada ya mafuriko. Watu kama thelathini wamesimama mbele ya mlango. Diwani kijana ameshika mkasi wa kukata utepe: huyo ndiye meya wetu wa leo, Ognyan Karadaliev. Kandokando yake wazee watatu, wakati huo bado si wazee, wameshika kibao kilichoandikwa MALI YA WATU WA KAMEN IZVOR. Ndio haohao watatu walioapa mwezi Machi kwamba hapajawahi kuwa na mali ya watu hapo.

Gazeti la wilaya lilikubali kuichapa. Kesho yake likaogopa. Mwanasheria wa manispaa aliwapigia simu akasema picha ni ya manispaa na ina mwenyewe.

Ndipo Bibi Nedyalka alipokumbuka kitu ambacho mwanasheria hakukijua. Ndani ya picha ile yumo Metodi. Aliitega kamera ijibonyeze yenyewe, akakimbia kuingia mstarini, akafika amefumba jicho moja na koti halijafungwa. Na mwezi huu Metodi anatimiza miezi sita kaburini. Mjane kwetu ana haki ya kubandika tanzia ya miezi sita kwenye kila nguzo, kila mlango na kila mti, na kwenye tanzia ana haki ya kuweka picha ya mumewe. Hakuna anayebandua tanzia. Huiacha mvua iile.

"Miezi sita bila Metodi wetu mpendwa," ndivyo alivyoandika. "Ni huyu wa kulia mwisho."

Alibandika arobaini.

Saa nne ilipofika mji mzima ulikuwa barabarani ukisoma. Sijawahi kuona mji unaomlilia mpiga picha kiasi kile. Watu walikwenda nguzoni, wakajifanyia ishara ya msalaba, na kidole kikaanza upande wa kulia kwa marehemu kisha kikatembea polepole kuelekea kushoto hadi kwenye kibao. Hapo kilisimama. Muuza maziwa alisoma tanzia ileile kwenye nguzo tano.

Bibi alikaa kwenye benchi na sufuria ya ngano ya kuchemsha iliyotiwa sukari na karanga, kama desturi inavyotaka siku ya kumbukumbu. Kila aliyepita alichota kijiko kimoja na kusema Mungu amsamehe. Naye kila mmoja alimwambia taratibu, bila kulaumu, kwamba Alhamisi anahitaji watu wawili.

Mmoja alikuwa na mtoto anayefanya kazi manispaa. Mwingine alikuwa anasubiri kibali cha paa. Mwalimu mstaafu alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akaubusu, akalia machozi ya kweli, na akasema Alhamisi ana daktari wa meno. Bibi Nedyalka hakumkatalia machozi yake. Alimwongezea ngano.

Kisha mlango wa manispaa ukafunguka na meya akatoka mwenyewe.

Watu wakarudi nyuma. Wakajua sasa atabandua. Bibi naye alijua, na moyoni alikuwa anaomba abandue, kwa sababu meya anayembandua marehemu mbele ya mji hapati kura hata ya mbwa wake.

Ognyan Karadaliev alivua kofia. Akaiendea nguzo, akasoma hadi mwisho, akajifanyia ishara ya msalaba mara tatu. Akaja kwenye benchi, akainama, akambusu bibi mkono.

"Mama Nedyalka, naona aibu," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Miezi sita, na manispaa haijasema neno juu ya mtu kama huyu. Nisamehe."

Akala ngano. Akaomba kijiko cha pili.

Moyo wa mwanamke mzee ni kama kuku. Mtupie punje moja tu, anakusogelea. Bibi Nedyalka alimtazama mtu huyu aliyekuwa akimjua tangu akiwa na makamasi, akaona macho yake yamelowa, akafikiri labda picha imemgusa. Labda amejiona pale na mkasi wake, kijana mwembamba anayecheka, akajikumbuka. Alikaribia kumwambia, mwanangu, irudishe tu hati, hatutasema lolote.

Meya alimshukuru kwa ngano akarudi ndani.

Saa saba mchana Spas alitokea na mkokoteni. Safari hii haukuwa na taka. Ulikuwa na bunda la karatasi zenye ukingo mweusi, bado zina harufu ya wino. Alipita mbele ya bibi ameinamisha kichwa kama anayepeleka ng'ombe asiye wake machinjioni. Akafika nguzo ya kwanza, akapaka gundi yake nzito juu ya tanzia ya asubuhi, akabandika nyingine juu yake.

Ilikuwa tanzia ya Metodi.

Uso wake ulikuwa mkubwa, wa heshima, uliotolewa kwenye kitambulisho. Chini yake paliandikwa: "Miezi sita tangu kifo chake, Manispaa ya Kamen Izvor inamkumbuka mtumishi wake mwaminifu Metodi Gaydarski, aliyeipigia manispaa picha zake zote kwa miaka arobaini."

Bibi Nedyalka aliisoma mara mbili. Metodi hakuajiriwa na manispaa hata siku moja. Alikuwa na chumba chake kidogo nyuma ya soko na mlango uliokuwa ukilia. Lakini sasa nguzo zote zilikuwa zinasema alikuwa mtumishi. Na kazi ya mtumishi ni mali ya bwana wake.

Mnaona ujanja, wasomaji wangu? Kwetu hakuna anayebandua tanzia, kweli. Lakini hakuna aliyewahi kukataza kubandika juu yake. Kifo kipya hufunika cha zamani, nguzo zetu zina unene wa kidole kwa wafu waliolaliana. Mjane alikuwa ameijenga ngome yake kwa desturi, na meya aliingia kwa mlango uleule.

"Nimeambiwa nibandike," Spas alisema alipofika karibu yake. "Sikuambiwa nibandue. Sijabandua, bibi."

"Najua, mwanangu. Umekula lakini?"

Spas alichovya burashi. Aliendelea na nguzo ya pili. Huko, bibi aliona, alibandika upande kidogo, kiasi cha vidole viwili, hata ukabaki nje ukingo wa kulia wa picha ya asubuhi, na kwenye ukingo huo Metodi aliyefumba jicho, koti wazi. Ndicho Spas alichoweza kutoa. Bibi alikipokea.

Kisha akaisogelea nguzo ya kwanza. Gundi ilikuwa bado mbichi. Ukucha mmoja tu ungetosha.

Aliuinua. Watu waliokuwa wanajifanya wanapita wakasimama. Dirishani ghorofa ya pili pazia lilitikisika. Uso wa Metodi ulimtazama, safi, umenyolewa, uso wa siku aliyokwenda kuchukua kitambulisho na kurudi analalamika kwamba hawajui kuweka taa. Mjane ambandue mumewe mchana kweupe, mbele ya mji mzima, siku ya ngano yake?

Ukucha ulikaa hewani. Kisha bibi akaufungua mkono na kuilainisha karatasi pale ilipokuwa imevimba.

Pazia likatulia.

"Twende nyumbani, Nedke," mtu akasema nyuma yake, akilifupisha jina lake. "Baridi inashuka."

Alikuwa Velko. Huyu ndiye aliyesimamia ndoa ya Metodi na Nedyalka, na kwetu msimamizi wa ndoa ni zaidi ya ndugu, humkosei mpaka kufa. Velko alibeba jeneza la Metodi upande wa kichwa. Na Velko ni mmoja wa wale watatu.

Walikuwa hawajaongea tangu Machi. Akamweleza haraka, kama mtu aliyefanya mazoezi njiani, kwamba mjukuu wake alikuwa hana kazi miaka miwili na sasa anafundisha chekechea, na kwamba bafu lenyewe lilikuwa linabomoka, na kwamba kila mtu angesaini. Akasema pia bibi akibandika nyingine, manispaa watabandika tena juu yake. Wana karatasi kuliko yeye.

"Kwenye picha, Velko, umeshika kibao. Kimeandikwa nini?"

"Siku hizi naona vibaya, shemeji."

"Sikukuuliza unaona nini. Nimekuuliza ulishika nini."

Velko alitazama viatu vyake. Halafu akanyoosha mkono na kumfunga kifungo cha juu cha koti, kama alivyomfunga siku ya maziko, kwa vidole vilevile vinene na vya taratibu, akaondoka. Bibi Nedyalka alibaki amesimama. Angempiga kofi ingeuma kidogo kuliko kile kifungo.

Hapo wengi wangekwenda kulala. Yeye alikwenda kwa Lyuba.

Lyuba ndiye mchapaji wa tanzia mjini, mwanamke wa miaka hamsini anayejua nani kafa kabla ya padri. Jana yake alimchapia bibi zile arobaini. Sasa alipomwona mlangoni akasimama mbele ya pazia la chumba cha nyuma na kusema mashine imeharibika.

Nyuma ya pazia mashine ilikuwa inanguruma.

"Imepona," bibi akasema.

Lyuba akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema ana mteja. Akasema jengo hili ni la manispaa, bibi anajua, na leo walishamkumbusha mkataba wake unaisha lini. Akasema tafadhali, aje kesho. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini na kutupa macho kwenye pazia, na bibi akaelewa kwamba aliye ndani hakutakiwa kumwona, au yeye hakutakiwa kumwona aliye ndani.

Pazia likasogezwa na fimbo.

Nyuma yake alikuwa ameketi Gina, mwenye miaka themanini na minne, kitambaa cheusi kichwani. Mama mkwe wa meya. Mwenye hati.

Bibi Nedyalka alirudi hatua moja nyuma. Basi hata hapa wamemtangulia. Wamemtuma bibi kizee mwenyewe kuagiza bunda la pili. Alikuwa anageuka kuondoka alipoiona karatasi iliyokuwa ikitoka kwenye mashine.

Juu yake hapakuwa na uso wa kitambulisho. Palikuwa na bafu, utepe, kibao, na watu thelathini.

"Nedke, usinikasirikie," Gina alisema. "Nilitoka kanisani asubuhi nikaiona ya Metodi. Nikasema, huyu nyuma yake mwenye spana ya mabomba si Lazar wangu? Miaka kumi na moja tangu nimzike mume wangu, sina picha yake hata moja akicheka. Nikamuuliza Lyuba kama naruhusiwa. Kasema mumeo aliwaachia watu wote, kila mtu achukue. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mungu amsamehe. Alikuwa mtu kweli."

Lyuba alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho. Bibi Nedyalka aliketi kwenye kiti kilichobaki, magoti yakagusana na ya mwenzake. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mwanamke huyu, aliyakusanya tangu Machi, makali yote. Sasa aliyatafuta akakuta limebaki swali moja tu.

"Gina, lile bafu ni la nani?"

"Swali gani hilo? La watu. Lazar alilaza mabomba yake majira ya baridi, akarudi na kikohozi kilichomkaa mpaka Pasaka. Walimlipa supu."

"Kwenye karatasi ni lako."

Gina alicheka. Alipoona wengine hawacheki, akaacha. Nedyalka akamweleza yote, polepole, kama anavyomwambia mtu habari ya msiba: hati, wazee watatu, uzio, hoteli, Alhamisi. Hakuongeza neno. Hakumwomba kitu, maana alijua angekuwa anamwomba nini. Amgeuke baba wa wajukuu zake.

Gina aliweka mikono miwili juu ya fimbo.

"Nilisaini karatasi ya kuni," alisema. "Kuni za msaada za majira ya baridi. Ognyan aliniletea mwenyewe nyumbani, na keki. Alinionyesha kwa kidole pa kusaini. Kuni hazikuja. Nikasema labda wamesahau, ana kazi nyingi. Sikutaka kumsumbua."

Mashine ilimaliza ikazimika. Lyuba akainyoosha karatasi ya majaribio mezani ili ikauke, akasema kwa sauti ndogo kwamba sehemu ya chini, ya wafiwa, ameandika mke na binti tu. Kama Gina anataka kuongeza, ni sasa.

"Ongeza mkwe," Gina akasema.

Lyuba hakusogea.

"Kwani yeye si mfiwa? Andika jina lote, na cheo chake. Chini ya picha hiyohiyo. Mchapie Lazar wangu mia, wala usiulize, pensheni ya mwezi huu ni yake. Nataka nione nani wa manispaa atakayemfunika baba mkwe wa meya." Akamgeukia Nedyalka. "Na Alhamisi uje unichukue. Ngazi za mahakama siziwezi peke yangu."

Bibi Nedyalka alimshika mkono. Hakuna aliyefurahi mle ndani, wasomaji wangu. Nisiwadanganye. Wanawake wawili wazee walishikana mikono wakijua kwamba mmoja wao amepoteza binti, labda na wajukuu, kwa sababu ya bunda la kuni ambazo hazikuja.

Alipatikana shahidi wa pili. Alibaki mmoja.

Lyuba alikuwa ameshachapa karatasi ya kwanza yenye jina la mkwe, ndipo mlango wa mbele ukasukumwa, na sauti ya mchangamfu ikauliza kama bunda la pili liko tayari. Lyuba alijaribu kuvuta pazia. Alichelewa. Meya Ognyan Karadaliev alikuwa ameshasimama katikati ya duka, kofia mkononi, akimtazama mama mkwe wake, kisha mjane, kisha mama mkwe wake tena.

"Mama? Unafanya nini huku kwenye baridi?"

Gina aliichukua karatasi iliyolowa wino akamnyooshea.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Nisomee, uniambie kama jina lako limekaa sawa. Mimi siku hizi nasaini tu, sisomi."

Meya alisoma. Alisoma picha kwanza, kisha maneno, kisha majina ya wafiwa hadi lile la mwisho, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Aliikunja karatasi mara mbili akaitia mfukoni. Halafu akaenda mlangoni, akageuza ufunguo kwa ndani, akavuta kiti na kuketi mbele yao.